Siku sita daraja likiwa tupu: kisa cha Ronin na orakuli ya kusafirisha salio

Tarehe 23 Machi 2022, miamala miwili kwenye Ethereum, mnyororo wa bloku (blockchain) wenye sarafu iitwayo etha, ilichukua etha 173,600 na USDC milioni 25.5 (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) kutoka kwenye mkataba, yaani programu inayojiendesha, wa daraja linalovusha pesa kati ya Ethereum na mnyororo wa Ronin. Kwa bei za siku wizi ulipogunduliwa, hasara ilipita dola milioni 600. Daftari la Ethereum ni la wazi, kwa hiyo tangu dakika ile mtu yeyote angeweza kufungua anwani ya daraja, kusoma salio na kuona kwamba pesa hazipo. Hakuna aliyesoma. Wizi ulikuja kujulikana tarehe 29 Machi, mtumiaji mmoja alipojaribu kutoa etha 5,000 zikakataa kutoka.

Namna funguo za siri za kutilia saini zilivyoibwa imeshaelezwa sana, na tutaipitia kwa kifupi. Kinachostahili kuchambuliwa zaidi ni zile siku sita. Ingehitajika nini ili upande wa Ronin ulijue salio lililoko Ethereum, na upande wa Ethereum ujue unadaiwa kiasi gani Ronin, bila upande wowote kumtegemea mshika funguo wa daraja lenyewe? Hiyo ndiyo kazi ya orakuli iliyogatuliwa: kundi la nodi (kompyuta zilizounganishwa na minyororo) zinazomilikiwa na watu mbalimbali, zinazosoma jambo moja kwenye mnyororo mmoja na kulipeleka kwenye mnyororo mwingine likiwa na saini zao.

Daraja lilivyofanya kazi, na lilivyovunjwa

Ronin ilijengwa na Sky Mavis, kampuni ya Vietnam, kama mnyororo wa pembeni wa Ethereum kwa ajili ya mchezo wa Axie Infinity. Mchezaji aliweka etha kwenye mkataba ulioko Ethereum na zikafungiwa humo. Wathibitishaji wa Ronin, yaani wanaoidhinisha miamala yake kwa saini, walipoiona amana hiyo, alipewa upande wa pili tokeni za WETH (tokeni zinazowakilisha etha) za kiasi kile kile. Akitaka kurudi, alizirudisha tokeni kwenye mlango wa Ronin (mkataba wa daraja upande huo), wathibitishaji wakatia saini hati ya kutolea, naye akaipeleka hati hiyo Ethereum akalipwa. Anayejua pesa za simu zinavyotunzwa hatapata shida kulielewa hili: salio la kwenye simu lina pesa zake halisi benki, kwenye akaunti ya amana, na namba hizo mbili hazipaswi kupishana.

Wathibitishaji walikuwa tisa, na hati ya kutolea ilihitaji saini tano. Wanne kati yao walikuwa wa Sky Mavis. Novemba 2021, watumiaji walipofurika, Axie DAO, jumuiya ya mchezo huo iliyokuwa na mthibitishaji wake, iliiruhusu Sky Mavis itie saini kwa niaba yake ili kupunguza msongamano. Mpango huo ulikoma Desemba 2021, lakini ruhusa yenyewe haikufutwa. Mwizi alipoingia kwenye mifumo ya Sky Mavis alikuta saini nne, na ya tano akaipata kupitia ruhusa hiyo iliyosahauliwa. Tarehe 14 Aprili 2022 FBI ilitangaza kwamba wahusika ni kundi la Lazarus la Korea Kaskazini.

Sasa angalia mkataba wa Ethereum uliuliza nini kabla ya kulipa. Uliuliza kama kuna saini tano halali. Zilikuwepo. Haukuuliza kama kuna tokeni zozote zilizorudishwa Ronin, na haukuwa na njia ya kuuliza, kwa sababu mkataba ulio kwenye mnyororo mmoja hauwezi kusoma mnyororo mwingine. Katika miamala ile miwili hakuna tokeni hata moja iliyorudishwa. WETH yote ya Ronin ilibaki mikononi mwa wenyewe, ikaendelea kuuzwa na kununuliwa kwenye Katana, soko la tokeni lililoko Ronin, kana kwamba ina etha nyuma yake.

Akiba na deni

Tuite akiba kile kilichofungiwa kwenye mkataba wa daraja Ethereum, na deni jumla ya tokeni za upande wa Ronin zilizo mikononi mwa watu. Kila tokeni ipimwe peke yake: akiba ya WETH kwa deni la WETH, USDC kwa USDC. Usijumlishe kwa dola. Ukifanya hivyo umelazimika kuleta bei, na bei ikipanda kwenye tokeni moja inaweza kuziba shimo lililo kwenye nyingine. RON, AXS na SLP, tokeni nyingine za Ronin, hazikuguswa. Kipimo cha jumla ya dola kingeionyesha hasara ikiwa ndogo kuliko ilivyokuwa, ilhali kipimo cha WETH peke yake kingeonyesha akiba karibu sifuri.

Kuipata akiba ni rahisi: ita `balanceOf` (amri ya kusoma salio) ya tokeni kwa anwani ya daraja, na kama daraja linashika pia etha tupu, ongeza `eth_getBalance`. Kosa la kawaida hapa ni desimali. WETH ina desimali 18 na USDC ina 6, kwa hiyo USDC milioni 25.5 zinaonekana kama 25500000000000, wakati etha 173,600 ni 1736 ikifuatiwa na sifuri 20. Nodi moja iliyopangwa kwa desimali za 18 kote itasema daraja halina USDC kabisa.

Deni lina mtego zaidi. Wengi huchukua `totalSupply`, yaani jumla ya tokeni zilizopo, na kuona wamemaliza. Lakini kuna milango isiyochoma (isiyofuta) tokeni zinaporudi. Inazikalia tu, ili izitumie amana mpya ikija. Kwenye mlango wa aina hiyo, deni ni `totalSupply` ukitoa salio la mlango wenyewe. Usipotoa, mfumo utalia kengele ya wizi siku ya kwanza, na baada ya kengele tatu za uongo hakuna atakayeisikiliza ya nne.

Kuna sifa moja ya daraja la kufungia ambayo ndiyo msingi wa kazi yote hii. Amana iliyoko njiani imeshaongeza akiba lakini haijaongeza deni. Utoaji ulioko njiani umeshapunguza deni lakini haujapunguza akiba. Kwa hiyo pande zote mbili, kilichoko njiani huifanya akiba izidi deni. Wakati wowote ule, kama daraja ni zima, akiba ni sawa na deni au zaidi. Upungufu hauna maelezo ya kawaida.

Saa moja kwa minyororo miwili

Sifa hiyo inashika tu ukizisoma namba mbili kwa wakati mmoja, na hapa ndipo miundo mingi inapoharibika. Ukisoma akiba ya saa nne kamili na deni la saa nne na dakika ishirini, amana yoyote iliyokamilika katikati itaonekana kama deni lisilo na akiba. Ukigeuza, deni la zamani na akiba ya sasa, utoaji wowote uliokamilika katikati utaonekana kama wizi. Kuongeza uvumilivu wa asilimia mbili au tatu kunaficha tatizo, na kwenye daraja lenye etha 180,000 asilimia mbili ni etha 3,600 ambazo mtu anaweza kuzichota kimyakimya.

Dawa ni nodi zote kukubaliana juu ya wakati mmoja, tuuite T, kwa mfano kila baada ya dakika kumi. Kila nodi itafute bloku (fungu la miamala) ya mwisho ya Ethereum yenye muda usiozidi T, na bloku ya mwisho ya Ronin yenye muda usiozidi T, kisha isome akiba kwenye ya kwanza na deni kwenye ya pili. Saa za minyororo hupishana kwa sekunde chache. Safari ya amana au utoaji huchukua muda mrefu kuliko hapo, kwa hiyo tofauti hiyo haileti madhara.

T isiwe sasa hivi. Lazima usubiri hadi bloku hiyo isiweze kugeuzwa. Machi 2022 Ethereum ilikuwa bado inaendeshwa kwa uchimbaji, yaani kompyuta kushindania kuongeza bloku, na usalama ulipimwa kwa kuhesabu bloku zilizopangwa juu yake. Tangu Septemba 2022 kuna bloku zilizofungwa rasmi: mzunguko mmoja ni nafasi 32 za sekunde 12, mizunguko miwili ni dakika 12.8, na nodi inakuruhusu kuomba bloku kwa jina `finalized`. Jambo la kuangalia ni kwamba geth, programu ya kuendeshea nodi ya Ethereum, katika hali yake ya kawaida huhifadhi hali za akaunti kwa bloku 128 tu za mwisho, yaani kama dakika 25. T ya dakika 15 zilizopita itajibiwa. T ya saa iliyopita itarudisha kosa. Tarehe 12 Mei 2023 Ethereum ilichelewa kufunga bloku kwa zaidi ya saa moja. Mfumo unaotegemea `finalized` bila nodi ya kumbukumbu kamili ungekwama siku kama hiyo. Basi angalau theluthi moja ya nodi za orakuli ziwe na kumbukumbu kamili.

Nodi zenyewe

Mtandao wa Chainlink, ambao ndio unaojulikana zaidi kwa kazi hii, hutumia itifaki ambamo nodi zinazungumza nje ya mnyororo, zinakusanya saini, na ripoti moja tu inapelekwa kwenye mkataba. Itifaki ya namna hiyo huvumilia nodi f mbovu endapo jumla ya nodi inazidi 3f. Ukiwa na nodi 16 unavumilia 5.

Kwa bei, nodi huchukua namba ya katikati, kwa sababu kila nodi inasoma soko kwa namna yake na majibu hutofautiana kidogo. Salio si bei. Ukishaitaja bloku, salio lake ni moja hadi wei (kipande kidogo kabisa cha etha) ya mwisho, na nodi zote nzima lazima zitoe jibu lile lile. Kwa hiyo usitumie namba ya katikati hapa. Dai saini 11 kati ya 16 juu ya namba ile ile, bloku zile zile na T ile ile. Nodi 5 zikizimika kazi inaendelea, na anayetaka kuleta uongo anahitaji kuziteka 11. Nodi moja ikitofautiana hata kwa wei moja, hiyo ni habari ya kuchunguzwa siku hiyo hiyo.

Masharti mawili hayana mjadala. La kwanza: hakuna mthibitishaji wa daraja anayeendesha nodi ya orakuli, wala kampuni yake, wala mtu aliyepewa ruhusa ya kumtilia saini. Kisa cha Axie DAO kinaonyesha kwamba majina tisa kwenye orodha yanaweza kuwa mlango mmoja. La pili: kila nodi iendeshe geth yake na nodi yake kamili ya Ronin. Nodi 16 zinazosoma kutoka kwa mtoa huduma mmoja wa kukodi ni nodi moja yenye saini 16.

Nodi kamili ya Ronin ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Aliyeshika wathibitishaji watano kati ya tisa anaweza kutengeneza bloku. Orakuli inayosoma vichwa vya bloku vilivyosainiwa tu ingeweza kuonyeshwa deni la uongo. Nodi kamili inarudia kila muamala kutoka mwanzo na kukataa bloku inayopunguza deni bila tokeni halisi kurudishwa. Mwizi anabakiwa na uwezo wa kuzuia miamala au kugeuza bloku za karibuni, na ndiyo maana ya kusubiri kabla ya kusaini.

Salio lielekee upande gani

Mazoea ni kupeleka namba ya akiba kwenye mnyororo wa tokeni: Ronin ingepokea salio la Ethereum, ingelinganisha na deni, na kusimamisha tokeni mpya upungufu ukitokea. Hilo lina faida ya kweli. Kwa T ya kila dakika kumi na kusubiri dakika 15, wizi wa tarehe 23 ungejulikana ndani ya nusu saa badala ya siku sita. Walioweka etha zao kati ya tarehe 23 na 29 wasingeendelea kuzipeleka kwenye daraja tupu, na Katana ingekuwa na namba ya kuisoma kabla ya kuruhusu WETH ibadilishwe kwa thamani kamili. Lakini pesa zingekuwa zimeshaondoka. Hii ni kengele.

Geuza mwelekeo, na kengele inakuwa kufuli. Peleka deni la Ronin kwenda Ethereum. Mkataba wa daraja hauhitaji orakuli kujua akiba yake; unasoma salio lake wenyewe papo hapo. Unachokosa ni namba moja tu, deni. Ukiwa nayo, ongeza sharti hili kwenye utoaji, baada ya kukagua saini za wathibitishaji:

`akiba − kiasi kinachoombwa ≥ deni`

Tuchukue namba za mfano. Akiba ni etha 180,000, deni 176,000, na 4,000 ziko njiani. Mwizi analeta hati ya etha 173,600 yenye saini tano halali. Zingebaki 6,400, deni ni 176,000, muamala unakataliwa. Mteja halali aliyerudisha etha 5,000 Ronin amelishusha deni hadi 171,000 na akiba inayopatikana njiani ni 9,000. Anaomba 5,000, zinabaki 175,000, analipwa. Mwizi mwenye saini zote tisa hapati zaidi ya kilichoko njiani. Hicho nacho kinaweza kuwa kikubwa, maana kuna watu wanaorudisha tokeni na kuchelewa kwenda Ethereum kudai kwa sababu ya gharama ya gesi, yaani ada ya muamala. Kwa hiyo kufuli hili halifuti haja ya kikomo cha kila muamala.

Kupeleka ripoti Ethereum kila dakika kumi ni ghali. Ripoti ikila gesi 200,000 kwa bei ya gwei 20 (gwei ni sehemu moja ya bilioni ya etha), kila moja ni etha 0.004, na kwa siku ni etha 0.576. Njia nafuu ni anayetoa pesa abebe ripoti mwenyewe ndani ya muamala wake: nodi huchapisha ripoti zilizosainiwa nje ya mnyororo, programu ya pochi inachukua ya karibuni, na mkataba unakagua saini. Kukagua saini moja kwa `ecrecover` ni gesi 3,000, kwa hiyo saini 11 ni gesi 33,000 na ziada ya data.

Njia hii inafungua mwanya ambao lazima uzibwe. Anayebeba ripoti atachagua inayomfaa. Kama deni wiki iliyopita lilikuwa etha 156,000 na leo ni 176,000, mwizi ataleta ripoti ya wiki iliyopita na kujipatia nafasi ya etha 20,000. Mkataba ukatae ripoti yenye T ya zaidi ya dakika 40 zilizopita, na ukatae yoyote yenye T ndogo kuliko kubwa zaidi iliyowahi kuonekana. Bila mistari hiyo miwili, kufuli ni pambo.

Sifuri

Tarehe 6 Agosti 2024 daraja hilo hilo liliguswa tena. Uboreshaji wa mkataba ulifanywa bila kuandika upya jumla ya uzito wa kura za wathibitishaji; ikabaki sifuri, na kizingiti kinachohesabiwa kutokana nayo kikawa sifuri. Saini hazikuhitajika tena. Zilitoka etha kama 4,000 na USDC milioni 2, ambazo ndizo zilizokuwa kikomo cha muamala mmoja, na waliozichukua walikuwa watu wema waliozirudisha. Kikomo kilichowekwa baada ya wizi wa 2022 ndicho kilichozuia hasara isiwe kubwa zaidi.

Kosa hilo linaweza kuipata kufuli yetu moja kwa moja. Anwani ya mkataba wa orakuli ikiwa sifuri, idadi ya saini ikiwa sifuri, deni likisomwa sifuri: kila moja inaufanya ukaguzi upite. Andika mkataba ili sifuri kwenye chochote kati ya hivi imaanishe kukataa. Deni la sifuri kwenye daraja linalofanya kazi halipo. Likitokea, kuna kitu kimeharibika.

Kuna wanaopendekeza kuachana na saini za orakuli na kutumia uthibitisho wa kihesabu: `eth_getProof` inatoa ushahidi wa salio ndani ya bloku, na mkataba wa upande wa pili unaukagua dhidi ya mzizi wa hali (muhtasari wa kihesabu wa akaunti zote). Kwa WETH ya Ethereum, salio liko kwenye jedwali la nafasi namba 3; kwa USDC, nafasi namba 9. Ni njia nzuri, na inaibakishia orakuli kazi ya kuleta mzizi tu. Lakini msimbo wa kukagua ushahidi nao ni msimbo. Oktoba 2022 daraja la BNB, mnyororo wa Binance wenye sarafu ya jina hilo, lilidanganywa kwa ushahidi wa kughushi uliopita kwenye ukaguzi wenye kasoro, zikatolewa BNB milioni 2.

Kuifunga, kuifungua, kuijaribu

Kufunga kufanywe na mkataba wenyewe bila kusubiri mtu. Kufungua kufanywe na watu, kwa funguo ambazo hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ya mthibitishaji wa daraja, na kuwe na subira ya angalau saa 24 kati ya ombi la kufungua na kufunguka kwenyewe. Orakuli ikinyamaza, yaani hakuna ripoti mpya ndani ya dakika 40, utoaji usimame. Wateja watalalamika, na inabidi waambiwe mapema kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa.

Jaribio liwe na sehemu mbili. Kwanza, nakili hali ya Ethereum kwa bloku iliyotangulia wizi wa Machi 2022, kwa `anvil` (programu ya kuigiza mnyororo) na nodi ya kumbukumbu kamili. Weka sharti la deni kwenye mkataba. Kisha rudia utoaji wa etha 173,600 ukiwa na saini tano zinazokubalika. Lazima ukataliwe kwa sababu ya deni, si kwa sababu nyingine. Pili, na hii ndiyo inayosahauliwa, rudia kila utoaji halali wa wiki iliyotangulia, mmoja mmoja, pamoja na ripoti ya T yake. Kila mmoja lazima upite. Ukikataliwa hata mmoja, usiongeze uvumilivu. Rudi kwenye namna unavyochagua bloku mbili za T, kwa maana kosa liko hapo.